Uliza Ujibiwe: Sahara Magharibi, hayo mafuta yenyewe yako wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za kitu kimoja, nadhani ni kwa sababu ya lile azimio la Baraza la Usalama la Oktoba 2025 juu ya Sahara Magharibi ambalo redio zote zilililia siku mbili afu zikanyamaza. Nimechagua chache. Salamu ndefu nimezikata, mnisamehe, ukurasa ni mmoja.

Shikamoo mzee wa safu. Huku kijiweni kuna mabishano hayaishi. Jamaa yangu anasema Moroko inang'ang'ania Sahara Magharibi sababu kule chini ni mafuta matupu kama Kuwait, mimi namwambia hakuna hata tone. Tumewekeana kreti ya soda. Nani alipe?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Soda subiri kwanza.

Hilo eneo liko pwani ya Atlantiki, juu yake Moroko, chini Mauritania, na kona ndogo inagusa Algeria. Kilomita za mraba kama 266,000, yaani linaizidi Uganda kidogo, ila watu ndo hakuna. Hispania, mkoloni wa pale, walipowahesabu Wasahrawi, yaani wenyeji, mwaka 1974 walipata 73,497, ukiwaleta wote Uwanja wa Mkapa wanajaa na elfu kumi na tatu wanabaki getini wanagombana na mgambo. Polisario, harakati ya Wasahrawi ya kudai uhuru, ilizaliwa Mei 1973 kupigana na huyohuyo Mhispania. Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikatoa maoni 16 Oktoba 1975 kwamba ndiyo, baadhi ya makabila yalikuwa na utii kwa masultani wa Moroko, lakini huo utii sio umiliki wa ardhi na hauondoi haki ya watu wa pale kujiamulia. Wiki tatu baadae Mfalme Hassan II akaingiza raia 350,000 kwa miguu, ndo yale Maandamano ya Kijani, na tarehe 14 Novemba Hispania akasaini Madrid kuwaachia Moroko na Mauritania usimamizi akafungasha. Polisario wakatangaza jamhuri yao 27 Februari 1976, vita ikapigwa, Mauritania ikachoka ikajitoa 1979, Moroko ikajenga tuta la mchanga na mabomu ya ardhini lenye urefu wa kilomita kama 2,700, na bunduki zikanyamaza Septemba 1991 kwa ahadi ya kura ya maoni ambayo mpaka leo haijapigwa.

Umeona neno mafuta hapo? Halipo. Ugomvi ulianza bila mafuta, na hilo mwambie jamaa yako taratibu.

Sasa kuhusu tone. Wahispania walichoronga huko tangu miaka ya 1960 hawakupata cha kuuza. Jaribio kubwa la karibuni ni la Kosmos, kampuni ya Texas, Desemba 2014. Walileta meli ya kuchoronga baharini nje ya Boujdour, mji wa pwani hukohuko, maji yenyewe kina cha mita 2,100 na zaidi, wakashuka mpaka mita 5,700 kwenye kisima walichokiita CB-1. Machi 2015 wakatangaza: wamekuta gesi na yale mafuta mepesi yanayotoka pamoja na gesi, lakini tabaka lenyewe lililojaa ni kama mita 14 tu. Kwa gharama za bahari ya kina kile hiyo hailipi. Wakaziba kisima, meli ikaondoka.

Kwa iyo jamaa yako wa Kuwait alipe kreti. Ila wewe uliyesema hata tone, chupa mbili toa mfukoni mwako.

Mzee, nasoma sheria hapa Dodoma mwaka wa tatu. Sasa kama hayo mafuta hayapo mbona kila baada ya miaka michache nasoma kampuni imeingia, kampuni imetoka, watu wanaandamana, wanasheria wanaandika? Wanagombania nini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Hapa ndo penyewe, na wewe wa sheria utanielewa haraka kuliko wale wa soda.

Chukua kiwanja cha mirathi. Ndugu wawili wanakigombania, kesi iko baraza la ardhi, haijaisha. Mmoja ndo amekalia, mwingine kafukuzwa yuko kwa jirani. Akija mpangaji akamlipa kodi yule aliyekalia, zile hela ni kitu kimoja, lakini kile kijirisiti ni kitu kingine kabisa. Kesho kutwa anakitoa mbele ya baraza anasema waheshimiwa mnaona, hata wapangaji wanajua mwenye nyumba ni nani. Nyumba yenyewe inaweza ikawa inavuja na choo kimejaa, risiti ni risiti.

Leseni ya mafuta Sahara Magharibi ndo risiti hiyo. Kampuni kubwa ya Ulaya au ya Marekani ikisaini na ONHYM, ambalo ni shirika la mafuta la Moroko, kama TPDC yetu, ile sahihi tayari ina kazi hata kama chini ya bahari kuna chumvi tu.

Angalia ilivyoenda. Mwaka 2001 Moroko ikatoa ruhusa mbili za utafiti, moja kwa Total ya Ufaransa upande wa Dakhla, nyingine kwa Kerr-McGee ya Marekani upande wa Boujdour. Baraza la Usalama likamuuliza mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Hans Corell wa Uswidi, hii halali au sio? Majibu yake ya 29 Januari 2002 yasome yote, sio marefu. Anasema mikataba ile kwa vile ni ya kutafiti tu sio haramu yenyewe kama yenyewe, lakini wakiendelea mpaka kuchimba bila kujali maslahi na matakwa ya watu wa Sahara Magharibi watakuwa wamevunja sheria ya kimataifa. Neno la kukaza ni *matakwa*. Watu wengi wanalikariri lile la maslahi, kwamba tukijenga hospitali na barabara basi tumemaliza. Hapana, kuna kuulizwa pia. Na unamuulizaje mtu ambaye yuko kambi ya wakimbizi Algeria, ng'ambo ya tuta?

Moroko ikashika nusu ya kwanza ya sentensi, Polisario wakashika nusu ya pili, na kila mmoja anasema Corell alimpa ushindi. Ndo wanasheria walivyo, usikasirike, na wewe utakuwa hivyohivyo.

Baada ya hapo presha ikahamia kwa wenye hela. Kampuni moja ya Norwei iliyofanya zile tafiti za mitetemo baharini iliacha 2003 ikaomba radhi. Total hawakuongeza muda, 2004 wakatoka. Mfuko wa mafuta wa serikali ya Norwei ukauza hisa zake za Kerr-McGee mwaka 2005, mwaka uliofuata Kerr-McGee nao wakaachia. Wakaja Kosmos, wakachoronga kama nilivyosema, mwaka 2016 mfuko uleule wa Norwei ukawaondoa na wao pamoja na mshirika wao Cairn kwenye orodha ya uwekezaji, na kufikia mwanzoni mwa 2018 wakawa wameshatoka. Kichekesho hapo ni kwamba nchi iliyotajirika kwa mafuta ndo imekuwa mkali kuliko wote juu ya mafuta ya mwenzie.

Mimi sikubaliani na watu wanaowalilia Polisario. Nimesikia na wao walikuwa wanauza vitalu vya mafuta hukohuko. Si wote njaa tu?
*Msomaji, Mombasa*

Ndugu yangu umesikia kweli, na mimi sitawafichia.

Mwaka 2002 Polisario waliingia makubaliano na kampuni ndogo ya Fusion Oil wawafanyie tathmini ya bahari yao. 2005 wakatangaza vitalu rasmi, London kabisa, na kampuni kadhaa ndogo zikasaini. Mmojawapo alikuwa Ophir Energy, jina ambalo watu wa Mtwara wanalijua maana hao ndo walikuwa na vitalu vya gesi baharini kwetu kabla na baada ya kuingia BG, kampuni ya gesi ya Uingereza. Kwa iyo meza moja ya Ophir ilikuwa na faili la Mtwara, na pembeni faili la nchi ambayo serikali yake inaishi kwenye mahema Algeria.

Tofauti yake na risiti ya yule ndugu mwingine ni kwamba mikataba ya Polisario iliandikwa kwa masharti: inaanza kufanya kazi siku jamhuri yao itakapokubaliwa Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo hakuna kuchoronga, hakuna meli. Ni kugawana nyama mnyama akiwa bado porini, tena anakimbia. Lakini walijua wanachofanya: na sisi tuna wizara, na sisi tuna ramani, na sisi tunasaini. Risiti dhidi ya risiti.

Je, njaa? Kidogo, mi naona ipo. Harakati iliyoanzishwa na vijana wa miaka ishirini na kitu waliosoma Rabat, kina El-Ouali Mustapha Sayed aliyeuawa Juni 1976 kwenye shambulio la Nouakchott, ikifika mahali inachora vitalu London, kitu kimebadilika. Ila mtu aliyefukuzwa kwake miaka hamsini kuota kwamba nyumba yake ina hazina, mimi siwezi kumtukana kwa hilo. Ninachowalaumu ni kwamba ile hesabu ya mafuta iliwapa maadui zao neno. Kila wakisimama kusema haki, anatokea mtu kama wewe anasema aaah hawa nao wanataka kisima.

Wasahrawi wanaongea nini? Kiberberi?
*Msomaji, Bukavu*

Kiarabu cha Hassaniya, sawa na Wamauritania. Na Kihispania wanakijua wengi, hasa waliosomeshwa Cuba.

Assalam alaykum. Mie mama wa Unguja, biashara yangu pweza, nampeleka hotelini. Mteja mmoja aliniambia pweza wetu ana mshindani anatoka Moroko wa bei rahisi. Mwanangu akasema huyo si wa Moroko ni wa Sahara. Nielezee baba.
*Msomaji, Unguja*

Waalaykum salam mama. Mwanao msikilize.

Pweza wengi wanaouzwa kwa jina la Moroko wanavuliwa Dakhla, kusini ya Sahara Magharibi, bandari ambayo viwanda vya kugandisha samaki vimepangana. Wanakwenda Hispania, wanakwenda Japani. Na mie nashukuru umeuliza maana watu wamekodolea macho mafuta ambayo hayajapatikana wakati vitu vinavyotoka kila siku hawavioni. Pweza anatoka. Nyanya na matikiti yanatoka, yanalimwa ndani ya mahema ya plastiki jangwani hapohapo Dakhla kwa maji ya visima virefu. Na fosfeti inatoka.

Fosfeti ni ule udongo wa kutengenezea mbolea, kama wa kwetu Minjingu, ila wa kule ni mwingi na wa daraja la juu. Machimbo yako Bou Craa, ndani jangwani, na kutoka hapo kuna mkanda wa kusafirishia, ule wa mpira unaozunguka kama wa kiwandani, urefu wake kama kilomita 100 mpaka bandarini karibu na Laayoune. Upepo wa jangwa unaupeperusha ule unga pembeni kwa hiyo mkanda wote una mstari mweupe kwenye mchanga, ukipigwa picha na setilaiti juu unauona kama mtu kachora na chaki. Wahispania walianza kusafirisha 1972. Polisario waliuhujumu huohuo mkanda 1974. Na Mhispania alipoondoka 1975 kumbe kwenye mgodi alibakiza asilimia 35 yake, akaja kuiuza 2002. Koloni kaacha, hisa kakumbatia.

Sasa mama usije ukadhani mahakama hazijafika huko. Mei 2017 meli inaitwa Cherry Blossom ilipita Port Elizabeth Afrika Kusini na tani kama 50,000 za fosfeti ya Bou Craa inapeleka New Zealand. Polisario wakakimbilia mahakamani, meli ikazuiwa, na mwaka 2018 mahakama ikasema mzigo ule ni wa jamhuri ya Wasahrawi. Ikaja kupigwa mnada. Na Ulaya, mahakama yao ya juu ilisema 4 Oktoba 2024 kwamba mikataba ya biashara na uvuvi kati ya Umoja wa Ulaya na Moroko haiwezi kuingiza Sahara Magharibi bila ridhaa ya watu wa huko, na nyanya na tikiti la Dakhla lazima liandikwe limetoka Sahara Magharibi, sio Moroko. Mwaka uliofuata Brussels wakaja na mpangilio mwingine na Moroko, eti kibandiko kiandike jina la mkoa. Yaani wanazunguka mbuyu.

Pweza wako wa Unguja mama, ushindani wa bei sina dawa yake.

Mwalimu wa jiografia hapa Kisumu. Wanafunzi wangu waliniuliza Kenya inasimama wapi kuhusu hii maneno nikashindwa kujibu, na si eti sisomi magazeti. Tafadhali saidia.
*Mwalimu, Kisumu*

Mwalimu pole sana, hilo swali hata waziri angeomba maji kwanza.

Kenya iliitambua jamhuri ya Wasahrawi 2005, mwaka uliofuata ikagandisha uhusiano, baadae ikauyeyusha. Septemba 2022 Rais Ruto akiwa na siku moja tu ofisini akaandika mtandaoni kwamba Kenya imefuta utambuzi, kelele zikaanza, ule ujumbe ukafutwa, na wizara ikaja kusema sera za nchi hazitangazwi Twitter. Afu Mei 2025 Musalia Mudavadi, waziri wa mambo ya nje wa Kenya wakati huo, akaenda Rabat, wakafungua ubalozi, na tamko la pamoja likasema mpango wa Moroko wa kuwapa Wasahrawi mamlaka ya ndani chini ya mfalme ndo njia ya pekee inayoaminika. Katikati ya hayo yote kuna mbolea. Moroko kupitia kampuni yake ya OCP ni mtu mkubwa sana kwenye mbolea ya Afrika, na Kenya ina wakulima wa mahindi wanaolia kila msimu. Sio mafuta tena, mwalimu, ni mbolea. Wafundishe hivyo.

Na Watanzania msicheke. Sisi tuliitambua jamhuri ile 1978 enzi za Mwalimu, hatujaifuta. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI akaja Dar, mikataba ikasainiwa, uwanja wa Dodoma ukaahidiwa, msikiti mkubwa pale Kinondoni kwenye makao ya BAKWATA ukajengwa kwa jina lake, na Januari 2017 Moroko ikarudi Umoja wa Afrika ambao iliususia tangu 1984 kwa ajili ya hao Wasahrawi. Ikarudi, ikakaa meza moja nao. Afu kuna kitu kidogo wengi hawakukisikia na kilitokea hapahapa Arusha. Mghana mmoja mwanaharakati, Bernard Mornah, alizishtaki nchi nane kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Tanzania ikiwemo, kwamba zilikaa kimya Moroko ikirudi. Hukumu ya 22 Septemba 2022 iliziachia nchi zote nane, ila humohumo majaji wakaandika kwamba kuwepo kwa Moroko kule ni ukaliaji wa kimabavu, haupatani na haki ya Wasahrawi kujiamulia, na nchi zote zina wajibu wa kuwasaidia. Imeandikwa Arusha. Nimeuliza watu kumi mjini kwangu, hakuna aliyeijua.

Swali langu fupi: kesho asubuhi wakigundua mafuta ya kweli, visima vinavyomwaga, Wasahrawi watapata uhuru haraka au ndo wamekwisha?
*Dereva wa lori, Muscat*

Kaka, kuna mifano miwili mezani kwangu.

Timor Mashariki. Indonesia iliivamia Desemba 1975, wiki tatu na kidogo baada ya ile sahihi ya Madrid. 1989 Australia na Indonesia wakagawana mafuta ya bahari ya Timor, mawaziri wawili wakasaini wakiwa ndani ya ndege juu ya bahari yenyewe wakagonganisha glasi. Kila mtu alisema basi, watu wa Timor wamekwisha, nani ataachia visima? Miaka kumi baadae, Agosti 1999, wakapiga kura, asilimia 78.5 wakachagua kutengana na Indonesia, na 2002 wakapandisha bendera. Mafuta hayakuwaletea uhuru, kilichofungua mlango ni Suharto kuanguka Jakarta, lakini mafuta hayakuuzuia pia.

Wa pili ni jirani kabisa. Kosmos haohao waliokosa Boujdour mwaka 2015 ndo mwaka huohuo walipata gesi nyingi mpakani mwa Mauritania na Senegal. Mpaka unakata katikati ya gesi. Nchi mbili zikakaa, 2018 zikasaini nusu kwa nusu, na mwanzoni mwa 2025 gesi ikaanza kutoka. Iliwezekana kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwambia mwenzie wewe haupo.

Sahara Magharibi ndo hapo panapokwama. Kura ya maoni ilikufa kwenye orodha ya wapiga kura: Umoja wa Mataifa ulipata watu kama 86,000 wenye sifa, zikaja rufaa zaidi ya 130,000, nyingi zimeletwa na upande wa Moroko, na hapo mashine ikazima. Desemba 2020 Trump akatambua Sahara ni ya Moroko, Hispania ikaunga mkono ule mpango wa Rabat 2022, Ufaransa 2024, Uingereza 2025. Na azimio nambari 2797 la 31 Oktoba 2025, kura 11 ndiyo, Urusi, China na Pakistani wakajizuia, Algeria ikakataa kupiga, linasema mazungumzo yafanyike kwa msingi wa mpango wa Moroko. Neno kujiamulia bado limo ndani. Polisario walisema wakati huo hawaendi kwenye mazungumzo ambayo jibu limeandikwa kabla ya swali.

Kwa iyo visima vikimwaga kesho, mimi naona vitamkuta aliyekalia na risiti mkononi, na aliyeko kambini Tindouf, kule Algeria, atasikia redioni. Kambi zile wamezipa majina ya miji yao, Laayoune, Smara, Dakhla, Boujdour, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kule anaweza kukuambia kwetu Boujdour na hajawahi kuona bahari.

Kile kisima cha Boujdour yenyewe, ile ya baharini, kimezibwa na hakuna aliyekigusa. Lakini leseni ya eneo hilo haikukaa bure, Desemba 2022 Moroko ilimsainisha mpangaji mpya, NewMed ya Israeli na mwenzake Adarco.

Barua za mwezi ujao zinapokelewa mpaka tarehe 20, na tafadhali za mapenzi zipelekwe ukurasa wa dada.